Mhadhiri Anayepimwa kwa Fedha Anazoleta

Chukua wasifu wa mhadhiri wa chuo kikuu anayeomba kupandishwa cheo. Baada ya orodha ya makala na vitabu utakuta sehemu inayotaja fedha: miradi aliyoipata, wafadhili walioilipia, na jumla ya kiasi alichowahi kuleta chuoni. Sehemu hiyo imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeihoji. Mimi bado inanishangaza. Fedha za utafiti ni gharama, yaani kile kinachotumika ili jambo fulani lipate kujulikana. Seremala husifiwa kwa meza aliyoitengeneza, na akiitengeneza vizuri kwa mbao chache husifiwa zaidi. Chuoni mambo yamegeuka. Watafiti wawili wakigundua jambo lilelile, mmoja akiwa ametumia fedha mara kumi ya mwenzake, huyo aliyetumia nyingi ndiye atakayetangulia kwenye orodha ya kupanda cheo.

Watu walio nje ya vyuo hudhani presha hii inatokana na wakuu wa vyuo wenye tamaa, au na wahadhiri wavivu wanaohitaji kusukumwa. Ukiifuatilia fedha yenyewe, inakotoka na inakokwenda, unakuta jambo tofauti: mfumo ambao kila mtu ndani yake anafanya lililo la busara kwa upande wake, na jumla ya busara hizo inawaumiza wote.

Inakokwenda fedha

Ruzuku ya utafiti haiingii mfukoni mwa mtafiti. Inaingia katika akaunti ya chuo na kugawanyika. Sehemu moja hulipia mradi wenyewe: vifaa, kemikali, safari za kukusanya data, wasaidizi. Nyingine hulipa mishahara na posho za wanafunzi wa uzamivu na za watafiti vijana waliokwisha kuhitimu uzamivu lakini hawajapata ajira ya kudumu. Halafu ipo sehemu inayochukuliwa na chuo kama gharama za uendeshaji, kwa maana mradi hauwezi kwenda bila umeme wa maabara, maktaba, ofisi ya uhasibu, kamati ya maadili na mtu wa kutengeneza jokofu linapoharibika usiku wa manane.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo ufunguo wa mambo mengi. Nchini Marekani kila chuo hupatana na serikali kuu kiwango chake, na vyuo vingi vikubwa vina kiwango kinachozidi asilimia 50. Maana yake, kwa kila dola 100 za gharama za moja kwa moja zinazoingia katika hesabu hiyo, chuo huongezewa dola 50 na zaidi. Mtu akiondoka na miradi yake kwenda chuo kingine, fedha hiyo nayo huondoka. Februari 2025, taasisi za taifa za afya za nchi hiyo, zinazojulikana kwa kifupi kama NIH, zilipotangaza kwamba zingelipa asilimia 15 tu kwa kila chuo, majimbo na vyuo vilikimbilia mahakamani siku chache baadaye na utekelezaji ukazuiwa. Haraka ile ilionyesha jinsi bajeti za vyuo zilivyokuwa zimejengwa juu ya fedha hizo.

Uingereza nako utaratibu ni mwingine, na kwa mtu anayeusikia mara ya kwanza ni wa ajabu. Mabaraza ya utafiti ya serikali kwa kawaida hulipa asilimia 80 ya gharama kamili ya mradi. Ile asilimia 20 inayobaki chuo kinapaswa kuitafuta chenyewe, na mara nyingi huipata katika ada za wanafunzi wa kigeni. Kwa hesabu ya kawaida, basi, kila mradi unaoshinda unakiachia chuo pengo la kuziba. Mashirika mengi ya hisani hulipa chini ya hapo, kwa kuwa hayagusi gharama nyingi za uendeshaji.

Kwa nini basi chuo kimshinikize mhadhiri kutafuta fedha zinazokitia hasara? Kwa sababu ruzuku huleta vingine nyuma yake. Kila baada ya miaka kadhaa serikali ya Uingereza hupima utafiti wa vyuo vyote, desturi iliyoanza mwaka 1986, na matokeo yake ndiyo yanayogawa takriban pauni bilioni 2 kila mwaka kwa vyuo vya England peke yake. Katika tathmini ya 2021, asilimia 60 ya alama zilitokana na ubora wa machapisho, 25 na manufaa ya utafiti kwa jamii, na 15 na mazingira ya utafiti, ambamo mapato ya utafiti yanahesabiwa. Juu ya hapo, majedwali ya kimataifa ya kupanga vyuo kwa ubora nayo huhesabu mapato ya utafiti. Mwanafunzi wa ng'ambo anayechagua chuo huangalia jedwali, analipa ada, na ada ile inaziba pengo la mradi uliokipandisha chuo kwenye jedwali. Mviringo umekamilika, na mhadhiri yuko katikati yake.

Ilivyoanza

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utafiti wa vyuo ulitegemea zaidi bajeti ya chuo chenyewe, matajiri waliojitolea na mifuko michache ya hisani. Uingereza ilikuwa na kamati iliyoundwa mwaka 1919 kuvipa vyuo fungu la jumla, na vyuo vikaamua vyenyewe namna ya kulitumia. Vita vilipokwisha, Vannevar Bush, mhandisi aliyeratibu utafiti wa kivita wa Marekani, alimkabidhi rais ripoti mwaka 1945 akitaka serikali igharamie sayansi ya msingi kwenye vyuo. Shirika la taifa la sayansi la Marekani lilizaliwa mwaka 1950. Wazo la mtafiti mmoja kuandika andiko la mradi, wenzake wa taaluma kulipima, na serikali kulilipia likawa kielelezo kilichoigwa sehemu nyingi za dunia.

Kielelezo hicho kilifanya kazi vizuri kwa miongo kadhaa kwa sababu moja ambayo ni rahisi kuisahau: fungu lilikuwa linakua kwa kasi kuliko idadi ya walioliomba. Uwiano huo ulipogeuka, kanuni zilibaki zilezile lakini maisha yakawa mengine kabisa.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa NIH. Kati ya 1998 na 2003 bunge la Marekani liliongeza bajeti yake mara mbili, kutoka takriban dola bilioni 13.6 hadi bilioni 27. Ungetarajia watafiti wapumue. Vyuo, kwa kuona fedha zinakuja, vilijenga maabara mpya, vikakopa kwa ajili ya majengo, vikaajiri wahadhiri wapya na kuwaambia wajilipie mishahara kutoka kwenye ruzuku watakazoshinda. Wahadhiri hao wakasajili wanafunzi wa uzamivu, nao wakahitimu na kuanza kuomba ruzuku zao. Baada ya 2003 bajeti ilisimama ilhali maombi yaliendelea kupanda. Kabla ya hapo, karibu maombi matatu kati ya kumi yalikuwa yakifaulu. Kufikia 2013 yalikuwa chini ya mawili kati ya kumi. Kuongezwa kwa fedha kulizaa uhaba mkali zaidi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amepanga idadi ya watu watakaozitegemea.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu kila mjadala wa presha ya ruzuku huishia kwenye dai moja, kwamba serikali iongeze fedha. Fedha zaidi zinahitajika, hilo sipingi. Lakini zikimwagwa katika mfumo ambao kila mshindi huzalisha waombaji kadhaa wapya, zitamezwa, na foleni itarudi ikiwa ndefu zaidi.

Hesabu ambayo mkuu wa idara haioneshi

Tufanye hesabu ndogo. Chukua mashindano ambayo ombi moja kati ya matano hufaulu, na mhadhiri mzuri, mwenye nafasi sawa na waombaji wengine wazuri. Ana mkataba wa miaka mitatu, na katika muda huo anaweza kupeleka maandiko matatu ya maana. Nafasi ya kukosa kila mara ni 0.8. Kukosa yote matatu ni 0.8 × 0.8 × 0.8, sawa na 0.512. Mtu huyo ana uwezekano unaozidi nusu wa kumaliza mkataba bila ruzuku hata moja, bila kufanya kosa lolote. Mpe majaribio matano, na bado mmoja kati ya watatu atatoka mikono mitupu.

Sasa weka juu ya hesabu hiyo barua ya idara inayosema kila mhadhiri lazima apate ruzuku kubwa ili athibitishwe kazini. Barua ile haiwezi kutimizwa na wote hata wakijitahidi vipi, kwa kuwa kikapu ni kimoja. Na kila idara duniani ikiandika barua kama hiyo, maombi huongezeka, kiwango cha kufaulu hushuka, na barua ya mwaka unaofuata inakuwa kali zaidi. Baraza la Utafiti la Ulaya lilipofungua mashindano yake ya kwanza kwa watafiti chipukizi mwaka 2007, lilipokea maombi zaidi ya 9,000 na kufadhili takriban 300.

Na maombi yale hayaandikwi kwa siku moja. Mwaka 2013 watafiti wa Australia walichapisha makadirio ya gharama ya mashindano ya baraza la utafiti wa tiba la nchi yao kwa mwaka uliotangulia. Andiko moja lilichukua wastani wa siku 34 za kazi. Maandiko 3,727 kwa pamoja yalimeza muda sawa na miaka 550 ya kazi ya mtu mmoja, na ukiubadili muda huo kuwa mishahara unapata dola milioni 66 za Australia. Asilimia 21 ndizo zilizofaulu. Nyingine zote zilirudi mezani, na yaliyomo ndani yake, mengi yakiwa mawazo mazuri, hayakumfikia mtu yeyote nje ya jopo. Andiko la mradi lina huzuni hiyo: makala ikikataliwa na jarida moja unaipeleka kwingine, lakini andiko limekatwa kwa vipimo vya mfadhili mmoja, kwa fomu zake, vichwa vyake vya habari na lugha anayoipenda mwaka huo.

Anayeshinda naye hapumziki. Uchunguzi uliofanywa Marekani kwa nyakati tofauti, 2005, 2012 na 2018, umekuta kwamba watafiti wakuu wa miradi ya serikali kuu hutumia zaidi ya asilimia 40 ya muda wao wa utafiti kwenye shughuli za kiutawala zinazoambatana na ruzuku: ripoti, manunuzi, vibali, bajeti. Tunamchagua mtu kwa sababu anajua kufikiri juu ya seli au juu ya mashairi ya karne zilizopita, kisha tunamfanya mhasibu.

Majopo yanaona nini?

Ingekuwa majopo ya tathmini yanaweza kutofautisha andiko la kumi na la kumi na moja kwa uhakika, gharama hiyo yote ingeweza kutetewa. Hayawezi, na sisemi hivyo kuwakosea heshima wanaokaa humo. Jopo lolote lenye ujuzi hutambua andiko bovu. Hutambua pia machache ambayo ni bora bila ubishi. Tatizo liko katikati, kwenye rundo kubwa la maandiko mazuri, na kwa bahati mbaya mstari wa fedha hukatia hapo hapo.

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliowapa wataalamu 43 maandiko 25 yaliyokwisha kupata fedha za NIH, wakayapima kwa utaratibu uleule wa taasisi hizo. Wataalamu hawakukubaliana. Alama mbili za wapimaji tofauti juu ya andiko moja hazikukaribiana kuliko alama za maandiko mawili tofauti. Mtu anayepokea barua ya kukataliwa akiwa kwenye rundo la katikati anasoma ndani yake hukumu juu ya akili yake, ilhali sehemu kubwa ya kilichomo ni nani alikuwa amekaa kwenye jopo siku ile.

Bahati hiyo ndogo haibaki ndogo. Mwaka huohuo watafiti walilinganisha vijana wa Uholanzi walioomba ruzuku ya mwanzo wa kazi: waliopita juu ya mstari kwa alama chache na walioanguka chini yake kwa alama chache. Watu hao walikuwa karibu sawa. Katika miaka minane iliyofuata, waliopita walikusanya zaidi ya mara mbili ya fedha za utafiti za wenzao. Mwenye nacho huongezewa. Ila kilichonigusa zaidi katika matokeo yale ni sababu mojawapo: walioanguka waliacha kuomba. Hakuna aliyewafukuza. Walijiondoa kwenye foleni wenyewe, na idadi tunayoita ya wasioshinda inaficha ndani yake watu walioamua kwamba hawafai.

Sayansi inayopatikana kwa njia hii

Andiko linaloshinda ni lile ambalo jopo zima linaweza kukubali. Mpimaji mmoja akisema wazo haliwezekani, alama inashuka na mradi umekwisha. Kwa hiyo waandishi hujifunza kuahidi kinachowezekana. Kwenye maabara nyingi ni siri ya wazi kwamba andiko huelezea kazi ambayo nusu yake imeshafanyika, ili matokeo ya awali yaonekane ya uhakika, na fedha zikipatikana zigharamie pia hatua inayofuata ambayo haikutajwa. Watu hawa si wadanganyifu. Wameambiwa watoe uthibitisho wa jambo kabla ya kupewa nafasi ya kulichunguza.

Katalin Karikó aliishi upande wa pili wa hesabu hii. Alihamia Marekani kutoka Hungaria mwaka 1985, akafanya kazi Chuo Kikuu cha Pennsylvania akiamini kwamba mRNA, molekuli inayobeba maagizo ya kutengeneza protini mwilini, inaweza kutumika kama dawa. Wafadhili hawakuliamini wazo lake. Maombi yalikataliwa moja baada ya jingine, na mwaka 1995, kwa kukosa ruzuku, alishushwa cheo. Aliendelea kufanya kazi katika nafasi ya chini. Mwaka 2005 yeye na Drew Weissman walichapisha ugunduzi ulioonyesha namna ya kuibadilisha mRNA ili mwili usiishambulie, na juu ya msingi huo zikajengwa chanjo za UVIKO-19 zilizotolewa mwisho wa 2020. Tuzo ya Nobel ya tiba ikawafuata mwaka 2023.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kama sifa kwa uvumilivu. Nadhani tunaisoma vibaya. Tunamjua Karikó kwa kuwa alikuwa tayari kukaa miaka mingi katika cheo cha chini na mshahara mdogo. Wangapi wenye wazo la aina yake walikuwa na watoto wa kulea, viza inayofungamana na ajira, au afya isiyoruhusu, wakaondoka kimya? Idadi yao haitapatikana kamwe, kwa sababu kitu ambacho hakikugunduliwa hakiachi rekodi.

Taaluma za jamii na fasihi zinaumia kwa namna yake. Mwanahistoria anahitaji muda, nyaraka na utulivu wa kusoma. Kazi kubwa inaweza kugharimu kidogo sana. Lakini kigezo cha mapato kinapowekwa sawa kwa chuo kizima, naye hulazimika kubuni mradi mkubwa wenye timu, warsha na wasaidizi, si kwa kuwa swali lake linataka hivyo bali kwa kuwa fomu inataka hivyo. Na milango yenyewe inaweza kufungwa ghafla: Desemba 2024 serikali ya New Zealand iliamua kwamba mfuko wake mkuu wa utafiti wa msingi hautagharamia tena miradi ya sayansi za jamii na ya taaluma za utu. Mhadhiri wa fani hizo anabaki na kigezo kilekile cha kupandishwa cheo na mlango mmoja mdogo zaidi wa kugonga.

Mzigo usioandikwa

Mkuu wa maabara anaendesha kitu kinachofanana na biashara ndogo isiyo na akiba. Watu watano, sita, kumi wanategemea ruzuku yake kwa kodi ya nyumba na kwa ndoto ya kumaliza uzamivu. Ruzuku hudumu miaka mitatu hadi mitano. Mwaka wa kwanza unakwenda kwenye kuajiri na kununua vifaa, na mwaka wa mwisho kwenye kuandika ombi jingine, hivyo kwamba utafiti wenyewe hupata kipande cha katikati. Ombi jipya likikosa, yeye ndiye wa kumwita mtu aliyefanya naye kazi miaka minne na kumwambia mkataba unaisha mwezi ujao. Kwenye baadhi ya shule za tiba za Marekani, sehemu kubwa ya mshahara wa profesa mwenyewe inategemea ruzuku hizohizo. Cheo kinaweza kuwa cha kudumu ilhali kipato hakidumu.

Vijana ndio wanaosubiri muda mrefu zaidi. Mwaka 1980 mwenye shahada ya uzamivu aliyepata ruzuku yake kubwa ya kwanza ya NIH alikuwa na wastani wa umri wa miaka 36 hivi. Siku hizi amepita 40. Miaka ile ambayo akili ina ujasiri wa kuuliza maswali mapya hutumika katika mradi wa mtu mwingine.

Septemba 2014 profesa mmoja wa sayansi ya sumu katika chuo mashuhuri cha London alifariki dunia akiwa na miaka 51. Miezi michache kabla alikuwa amepokea barua ya kumjulisha kwamba utendaji wake unaangaliwa: alitarajiwa awe na matumizi ya utafiti ya pauni 200,000 kwa mwaka na kuongoza ruzuku kubwa. Alikuwa akiomba, na kwa bidii, na alikuwa akichapisha. Sitaki kukifanya kifo kuwa hoja, maana kifo kama chake hakielezwi kwa sababu moja. Chuo kilipitia upya taratibu zake za kusimamia utendaji. Lakini kiangalie kipimo chenyewe tena: kiwango cha fedha kilichotajwa ni cha kutumia. Barua haikuwa ikimwuliza profesa wa sumu amejifunza nini kuhusu sumu.

Njia zilizokwisha kujaribiwa

Mashindano yalikuwa na sababu yake, na wanaoyatetea wana hoja. Fedha ni za umma. Kabla ya maandiko na majopo, fedha zilifuata urafiki: profesa mzito aliamua nani apate, na kijana asiye na mlezi alibaki nje. Fungu la jumla linaloachwa mikononi mwa wakuu linaweza kurudisha hali hiyo. Kwa hiyo swali linalonivutia ni namna ya kulinda haki ile bila kulipa bei hii.

Kanada ina programu ya muda mrefu ya sayansi asilia na uhandisi inayotoa ruzuku ndogo kwa waombaji wengi. Kiwango cha kufaulu ni kikubwa kuliko kwenye mashindano mengi ya nchi nyingine, na fedha zinafungamana na mwelekeo wa utafiti wa mtu kuliko mradi mmoja uliopangwa hatua kwa hatua. Mwaka 2009 watafiti wawili walipiga hesabu wakaona kwamba gharama ya kuandaa na kupima maombi ya programu hiyo ilizidi gharama ya kumpa kila mtafiti anayestahili ruzuku ya msingi ya dola 30,000 za Kanada. Matokeo yao yalibishaniwa, lakini kule kuweza tu kuuliza swali hilo kwa uzito kunaonyesha tulipofika.

Njia ya pili ni kufadhili mtu badala ya mradi. Taasisi ya Howard Hughes ya Marekani huchagua wanasayansi, huwapa fedha kwa miaka mingi, na huvumilia wanaposhindwa mwanzoni. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliwalinganisha na wenzao wa sifa zinazofanana waliofadhiliwa na NIH kwa miradi, ukakuta kwamba hawa wa kwanza walitoa makala nyingi zaidi zenye athari kubwa, na pia nyingi zaidi ambazo hazikufika popote. Ndivyo utafiti wa kijasiri unavyoonekana ukihesabiwa kwa uaminifu. Hata hivyo njia hii ina mtego. Kanada ilipoendesha sambamba programu mbili za utafiti wa afya, moja ikipima zaidi wazo na nyingine ikipima zaidi mtu anayeliongoza, pengo la kufaulu kati ya wanaume na wanawake lilikuwa chini ya alama moja ya asilimia katika ile ya kwanza, likafika alama nne katika ya pili. Jopo likiulizwa kuhusu sayansi, hutazama sayansi. Likiulizwa nani ni kiongozi, huona sura lililozoea kuiona.

Njia ya tatu ndiyo inayokera wengi wakiisikia mara ya kwanza: kura ya bahati. Baraza la utafiti wa afya la New Zealand lilianza kuitumia mwaka 2013 kwa ruzuku za mawazo ya kijasiri, mfuko wa Volkswagen wa Ujerumani ukafuata mwaka 2017 katika programu yake moja, na British Academy ya Uingereza ikaijaribu kuanzia 2022 kwa ruzuku zake ndogo. Maandiko kwanza hupimwa kama kawaida, na yasiyofikia kiwango huondolewa. Yaliyofikia ndiyo huingia kwenye kura.

Wanaoipinga husema inadhalilisha utaalamu. Kwa maoni yangu inauheshimu, kwa kuwa jopo linaulizwa tu kile linachoweza kukijibu. Na inabadilisha barua. Mwombaji aliyekosa anaweza kuambiwa ukweli: andiko lako lilifaa, fedha hazikutosha, kura haikukuangukia. Mkuu wa idara akiisoma barua hiyo hawezi kuitumia kama ushahidi wa uvivu, na mwenye andiko anaweza kulipeleka tena mwaka ujao lilivyo, bila kutumia siku nyingine 34 kutafuta kosa ambalo halikuwamo.